Chupa ya Mwezi wa Nane

Maabarani kuna sheria ambayo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaijua: usionje kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu wapya sheria hiyo. Na mimi huyohuyo, asubuhi moja ya Jumanne, nilifungua chupa ndogo iliyoandikwa "Mwezi wa Nane", nikadondosha tone moja ulimini, nikabaki nimesimama mdomo wazi.

Ndani ya chupa ile kulikuwa na mvua ya Bagamoyo, iliyokingwa uani kwa mama. Au ndivyo nilivyoamini.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamivu Dar es Salaam, na kazi yangu ilikuwa kuyauliza maji yametoka wapi. Watu wakisikia hivyo hucheka, kwani maji ni maji. Lakini oksijeni iliyomo ndani ya maji haina uzito mmoja. Ipo nyepesi, ambayo ndiyo nyingi, na ipo nzito kidogo, ambayo ni adimu, na hizo ndizo tunazoziita isotopu. Wingu likisafiri na kumwaga mvua nyingi, maji yenye oksijeni nzito hutangulia kuanguka, na yanayofuata huwa mepesi zaidi na zaidi. Kwa hiyo mvua kubwa za masika zina alama yake, na manyunyu ya kipupwe yana yake. Mashine ikipima uwiano huo, tone moja linatosha kukueleza safari ya hewa iliyolileta.

Msimamizi wangu hakushughulika na mvua. Yeye alisoma vimondo. Alikuwa na kipande cha jiwe la angani, kidogo kama kokwa ya ukwaju, alichokihifadhi kwenye kichupa cha vidonge mezani kwake. Alipenda kutueleza kwamba oksijeni ya jiwe lile haifanani na ya mawe ya hapa duniani, kwa sababu lile wingu la gesi na vumbi lililozaa jua na sayari zake halikukorogeka sawasawa, kama pilau iliyopikwa na mtu mvivu. Hesabu ni ileile, alisema, uwe unapima jiwe au manyunyu. Alinipa onyo moja tu nilipoanza. Aliniambia nisiweke kipimo cha mvua nyumbani kwetu. Nikiweke mahali ambapo hakuna anayenipenda. Nilicheka, nikadhani ni utani wa mtu aliyekaa na mawe muda mrefu mno.

Nikakiweka kwa mama. Ningemwamini nani mwingine? Mama ni mtu wa mji mkongwe wa Bagamoyo, anayekunja kanga zake mpaka pembe zikutane, na aliyenichapa nikiwa na miaka saba kwa kurudisha kijiko mahali pa uma. Nilimsimikia faneli uani, mbali na paa, na mrija mwembamba unaoingia kwenye dumu ili maji yasipotee kwa jua. Kila mwisho wa mwezi alitakiwa kujaza chupa moja, kuifunga kwa utepe na kuitia kwenye kabati la vyombo. Kila mwaka nilimpelekea chupa kumi na mbili, nimeshaziandika majina ya miezi mwenyewe. Nikamwambia, kwa haraka zangu za kuwahi kabla foleni ya Tegeta haijafunga, kwamba nikija nizikute zote kumi na mbili zimejaa, asiniangushe.

Hakuniangusha. Miaka miwili mfululizo nilizikuta zote, safi, zimepangwa nyuma ya vikombe vya harusi yake. Na kila nilipoondoka alinipakilia hotipoti ya wali na pweza wa nazi, nikala wiki nzima, na kila niliporudi nilimrudishia hotipoti yake imeoshwa inang'aa.

Majibu ya mashine yalipotoka, masika ilikaa ilipotarajiwa, na vuli vilevile. Miezi ya ukavu ndiyo iliyonishtua. Mvua zake zilikuwa nyepesi, nyepesi kama za masika, wakati manyunyu ya msimu huo yalipaswa kuwa mazito. Tena zilifanana, mwezi wa saba na wa nane, mwaka wa kwanza na wa pili. Mtu mwenye akili zake angetilia shaka. Mimi nilibebwa na furaha yangu mwenyewe. Niliandika sura nzima ya tasnifu nikieleza kwamba kipupwe pwani yetu hupokea unyevu kutoka mbali sana, kwa njia ya hewa ambayo hakuna aliyewahi kuieleza. Nilikuwa nimebakiza wiki mbili kuitetea sura hiyo mbele ya jopo.

Msimamizi aliisoma akaniuliza jambo moja tu: nimepima na maji mengine ya pale? Ya bomba, ya bahari, ya kisima? Nilinuna. Hata hivyo nilikwenda Bagamoyo siku ambayo mama alikuwa Kaole kwenye arobaini ya ndugu yake, nikachota ya bomba, nikachota ya bahari, nikachota ya kisima chetu cha uani, nikarudi.

Jumanne ile namba ya kisima ilitokea kwenye kioo cha kompyuta, na ilikuwa namba ya mwezi wa nane. Si kukaribiana. Ileile. Nilipima tena, ikaja ileile. Hapo ndipo nilipofungua chupa na kuvunja sheria. Maji yale yalikuwa na chumvi kwa mbali, na nyuma yake harufu ya udongo. Nimekulia kwa maji hayo. Nimeyaoga, nimeyanywa, nimepikiwa uji wa ugonjwa kwa maji hayo. Ulimi wangu ulikijua kisima cha mama kabla akili yangu haijakubali.

Moyo ulinipasuka paa. Nilikaa chini sakafuni, kwenye vigae, na koti langu jeupe, na sikujali nani ananiona.

Njia nzima ya kwenda Bagamoyo nilikuwa nikitafuta mwizi. Niliwaza labda jirani kamwaga dumu akaogopa kusema. Niliwaza labda mama anazeeka na mimi sijaliona. Wazo la kwamba mama yangu kanidanganya lilikuja karibu na Mapinga, nikalifukuza, likarudi.

Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea mkeka. Sikukaa.

"Mama, mwaka jana mwezi wa nane mvua ilinyesha?"

"Mwezi wa nane? Haikunyesha hata tone."

"Sasa ile chupa ilijaaje?"

"Nilijaza kisimani." Alisema hivyo bila kuinua macho kwenye ungo. Aliponitazama usoni ndipo alipoona kuna jambo. "Mwanangu, wewe umeniletea chombo chako. Ningekurudishiaje kitupu?"

Nilimwelewa papo hapo. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Akikuletea futari, bakuli lake litakaa kwako mpaka upate cha kutia, hata kama ni ndimu mbili au kijiko cha sukari. Nimeshamwona mama akishikilia sahani ya mtu siku tatu kwa aibu ya kuirudisha ilivyo. Na mimi nilimkabidhi mwanamke huyu vyombo kumi na viwili, nimeviandika majina, nikamwambia nivikute vyote vimejaa.

"Tena ulisema mwenyewe," akaendelea, "maji ya kisima ni mvua iliyozama ardhini. Basi nikakupa mvua. Ya zamani tu."

Na kweli nilisema. Niliwahi kumweleza hayo tukinywa chai, nikijiona mwalimu hodari.

Ningekuwa na busara ningecheka. Sikuwa nayo. Nilimwambia ameniharibia. Nilimwambia miaka miwili imekwenda na maji, kwamba nitaonekana mwongo mbele ya watu wanaonisubiri niteleze. Nilisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia mbele yake, na mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto.

Mama aliweka ungo chini.

"Nisamehe basi. Sikujua elimu yenu inataka vyombo vitupu."

Nikamuuliza, taratibu sasa, kama kuna miezi mingine. Ipo. Ile ya manyunyu, ambayo chupa ilifika nusu, aliijazia, maana nusu nayo ni aibu. Nilitoa daftari, naye akanitajia mmoja mmoja, mwaka wa kwanza na wa pili, ipi aliijaza yote, ipi aliiongezea na kwa kiasi gani, akionyesha kwa kidole ubavuni mwa chupa. Hakubabaika hata mara moja. Baadaye nilipolinganisha na mashine, hakuwa amekosea hata mwezi mmoja. Chupa za masika na vuli zikapona kwa kumbukumbu yake.

Nilikuwa naondoka nilipokumbuka hotipoti kwenye kiti cha nyuma. Nikaichukua, nikampa. Mama aliipokea, akainua kifuniko kidogo kwa kidole gumba, akachungulia, akafunika.

"Ahsante, mwanangu."

Nilisimama pale na ufunguo mkononi. Kile kidole gumba nilikuwa nimekiona mara ngapi? Kila safari. Tangu nihamie Dar es Salaam kwa masomo, miaka na miaka, nimempelekea mama yangu hotipoti tupu, na kila mara alichungulia, akafunika, akasema ahsante. Hakuwahi kunisema. Niliona aibu, na mshtuko wa kule maabara ukawa mdogo kwangu. Nikaingia kwenye gari.

Sura ile niliitoa. Tasnifu ilisogea mwaka mzima, kwani ilibidi nikinge upya miezi yote ya ukavu. Msimamizi nilimweleza kila kitu, hata hotipoti. Alikigeuzageuza kile kichupa chenye jiwe.

"Bahati yangu," alisema, "hili halikupita kwa mama yako."

Mwaka uliofuata niliacha kipimo palepale. Msimamizi alidhani natania. Lakini nilimweleza mama kwamba mwezi ukiwa mkavu, chupa tupu nayo ni jibu, na ndilo jibu ninalolihitaji kuliko yote. Alisikiliza, akauliza kama hakuna njia nyingine. Nikamwambia hakuna.

Nilikwenda mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Hotipoti niliitia visheti, nilivyokaanga mwenyewe, vingine vimeungua. Mama aliinua kifuniko kwa kidole gumba, akakaa akivitazama, kisha akaanza kula kimoja kilichoungua palepale barazani.

Alipomaliza aliingia ndani. Alitoka na kitu amekifunga kwenye leso safi, kona nne zimekutana juu, akakishika kifuani kwanza. Nilinyoosha mikono yote miwili. Hakukiachia mara moja.

"Usikifungulie hapa," alininong'oneza. "Jirani yuko mlangoni."

Nilikifungulia kwenye gari. Mwezi wa nane, utepe umezungushwa mara tatu, na ndani hamna kitu.