Masikio ya Simbilisi

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa nikilisha simbilisi katika chumba kimoja cha utafiti hapa Kigoma, kazi ambayo majirani zangu wa Katubuka waliicheka, maana kwao simbilisi ni kitoweo. Mtaalamu wetu, kijana kutoka Dar es Salaam, aliwapa wale wa karibu na mlango chakula kisicho na kalsiamu. Alinieleza kwamba damu haikubali kupungukiwa: ikikosa kalsiamu kwenye chakula, huichota mifupani, hata kwenye vifupa vya ndani ya sikio.

Kupima kulikuwa rahisi. Alipiga makofi nyuma ya kizimba akitazama masikio. Mwanzoni yaliruka. Baadaye yakatulia kabisa.

"Ndugu, hawa ni viziwi sasa," aliniambia, kwa furaha ambayo niliiona haina adabu. "Tutawarudishia kalsiamu. Wakisikia tena, tutamjaribu na binti yako."

Binti yangu wa mwisho hakuwahi kusikia. Sikungoja simbilisi wapone. Nilimsagia dagaa na mifupa yao kwenye uji, apate kalsiamu, na kila asubuhi nikampigia makofi nyuma ya mgongo, nikitumaini kama mjinga.

Nyasi za simbilisi wa chumba cha ndani zililetwa na akina mama wa Simbo. Sisi Waha hatusalimiani kwa mdomo mtupu. Tunachutama, tunapiga makofi, tunaulizana habari za nyumbani mpaka za mbuzi. Asubuhi moja mama mmoja akaingia. "Mwakeye," akasema, akapiga makofi, nami nikamjibu vivyo hivyo. Mtaalamu akatazama vizimba vya mlangoni: hakuna sikio lililotikisika. Mama akatoka kwenda kufungua mzigo wake nyuma ya ukuta. Nyasi zikachakarika kidogo tu, na viziwi wetu wote wakakimbilia wavu wakipiga kelele.

Walikuwa wakisikia siku zote. Kilichowachosha ni salamu zetu: makofi ya mlangoni waliyazoea, hawakuyajali tena. Basi hapakuwa na uziwi wa kuponywa, wala dagaa wa kumponya mtu. Mtaalamu mwishowe alicheka. Mimi niliumia.

Nilirudi nyumbani na konzi ya nyasi, nikazichakarisha nyuma ya kichwa cha binti yangu. Aliendelea kunywa uji. Nikazunguka mbele yake, nikachutama. Aliponiona aliweka kikombe chini, akapiga makofi kunisalimu, taratibu, kama alivyotuona tukifanya tangu azaliwe. Nikamjibu.