Hodi Barafuni

Mama anayetuongoza hakanyagi theluji kabla hajaipigia hodi. Anaigonga kwa fimbo mara tatu, anatega sikio, na sisi saba tuliofungwa kamba moja nyuma yake tunabana vicheko. Mchekeshaji wetu huitikia, "Karibu!"

"Hebu nyamaza nisikie," mama husema. Akisikia pagumu chini, hutuambia: "Piteni, wanangu."

Mchana fimbo ilizama yote, mpaka glavu yake ikagusa theluji. Chini palikuwa na ufa mweusi. Aliichomoa taratibu.

"Hapa wenyewe wapo," akanong'ona, akatuzungusha mbali.

Jioni tulirudi kambini tukiimba ovyo kwa furaha. Mlangoni mama akagonga ngazi ya mbao mara tatu, akatega sikio. Tulicheka, mbavu hatuna. Lakini hakuna aliyeinua mguu mpaka aliposema, "Piteni."