Vidole viwili chini

Leo nimemupita Kaka Ramazani kwenye kona, jamani! Mimi huyu, muoga hata wa kusalimia watu.

Wiki jana nilimuomba fundi achomelee pedaliye ya baiskeli yangu, pale pedali zinapozungukia, vidole viwili chini zaidi.

Kaka akacheka mbele ya wote: "Mudogo, pedali itagusa udongo, utaanguka!"

Nikasukuma baiskeli yangu, nikaenda zangu. Kama kawaida yangu.

Leo kwenye mashindano, kona ya muteremko, baiskeli ya Kaka, yenye pedaliye ya juu, ikayumba, akafunga freni kupunguza mwendo. Mimi nikainua pedali ya upande wa kona isiguse chini. Uzito wangu ukakaa chini, baiskeli ikatulia.

Nikapita!

Sasa Kaka iko amechuchumaa, anapima baiskeli yangu kwa vidole.

"Mudogo, fundi wako iko wapi?"

Nimuonyeshe, ao nimuache ayumbe kwanza?