Sale Nililompelekea Mkuu wa Shirika

Mimi nikimpenda mtu simpendi kimya kimya. Kwaya nzima inajua. Kinanda cha kanisani nilijifunza mwenyewe, kwa kusikiliza tu, na aliyeniachia ufunguo bila kuniuliza cheti ni paroko wetu, mzee wa kusini huko Songea, mmisionari. Wazee wa kanisa waliogopa nitakiharibu. Yeye akawaambia, "Kikiharibika kitatengenezwa." Tangu siku ile, ukimsema padre umenisema mimi.

Basi Jumapili moja, kwenye matangazo, akatuambia anaondoka. Shirika lake linaikabidhi parokia kwa jimbo, na yeye anakwenda nyikani kwa wafugaji, kule chini ambako ukiwa kwetu mlimani unaona vumbi tu. Kanisa hakuna, hata kigango hakuna.

Nilisimama pale pale kwenye kinanda. "Kwa kosa gani?"

Kanisa zima likageuka. Mama yangu akainamisha kichwa.

"Hakuna kosa, mwanangu," padre akasema. "Ndiyo kazi yenyewe."

Kazi gani ya kumpeleka mzee mwenye magoti mabovu kwenye jua lile? Nje, jamaa mmoja wa sauti ya besi akanichokoza: "Kwani ulidhani ni babu yako? Hao ni watu wa shirika. Wanahama kama nyuki." Nikamkunja shati. Ikabidi watutenganishe.

Sasa, kwetu Uchagani kuna sale, lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la migomba la nyumbani. Ukimkosea mtu, unalifunga fundo, unampelekea. Akishaliona hawezi kukukatalia. Akikataa, lawama inamgeukia yeye. Nikasema safi. Nampelekea mkuu wa shirika huko mjini. Tuone atakataaje.

Mama alinikuta nalikata. "Unaenda kumwomba nani msamaha?"

"Siombi msamaha. Nataka padre abaki."

"Sale ni la kuombea msamaha. Si la kumkaba mtu koo."

"Mama, akienda kule atakufa."

Akaniacha nilikate. Na yeye alikuwa anaogopa hilo hilo.

Mkuu wa shirika nilimkuta bustanini kwake, anamwagilia mchicha.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina." Akalipokea jani, akaligeuzageuza. "Asante. Ni dawa ya nini?"

Si mtu wa huku. Nikamweleza sale ni nini, na sauti yangu mnaijua. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema taratibu kwamba mwanzilishi wao aliwataka waende kwa watu waliosahaulika, pale ambapo wengine hawataki kwenda, na watu wakishasimama kwa miguu yao, wawaachie. Hicho ndicho padre alichokiapia akiwa kijana.

"Na kule nyikani," akaongeza, "mimi sikumtuma. Ameomba mwenyewe."

Sijui nilipandaje mlima kurudi. Nilimkuta padre anakunja mashati. Nguo za miaka yote zilienea begi moja. Hata shikamoo sikutoa.

"Umeomba mwenyewe! Tumekuchosha nini?"

Akakaa kitandani. "Mgomba ukielemewa na mkungu, mnauegemeza kwa mti. Mkungu ukishakatwa, ule mti mnauacha pale?"

"Tunauhamishia mgomba mwingine. Lakini wewe si mti, Padre."

"Si mti. Magoti yangu yanajua." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Naogopa kule, usidhani siogopi. Ila ningebaki hapa kwa sababu ya mtori na blanketi, ningekuwa nimejipenda mimi, si ninyi."

Akainuka, akatoka nje polepole hadi kwenye ua. Akachuma sale, akalifunga fundo vizuri, kama mtu aliyezaliwa kihambani. Akarudi, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Niliomba kuondoka bila kuwaambia. Hapo niliwakosea. Naomba mnisamehe."

Akaanza kupiga magoti, yale magoti. Nikamdaka mikono. Nilikuwa nalia kwa hasira, na nililia kwa sauti, sioni aibu kusema. La kwangu lilikuwa kamba ya kumfungia. La kwake ndilo lilikuwa sale.

Nikalipokea. Ningefanya nini?

Gari lilimchukua asubuhi, begi lake mapajani. Mama alimpa ndizi za njiani.

Na sale ukishalipokea, lile jambo hulirudii tena kama kosa. Imekwisha. Paroko mpya, wa jimbo, ni kijana, anakimbiza misa, na kwaya wananung'unika: mzee alitutupa. Wakisema hivyo wananiangalia mimi, wanasubiri niwashe moto.

Mimi, na mdomo huu, nanyamaza. Nafungua kinanda nawauliza tunaanza na wimbo gani. Siku kukiwa kweupe natazama kule chini kwenye vumbi, halafu napiga.