Mkaa wa maganda ulisafisha kisima chetu Itetemia, kamati ikaihamishia sumu kwenye mchicha

Wakuu, habari za majukumu. Kisa hiki nakiandika nikiwa nimekiona kwa macho yangu hapa Tabora, sijasimuliwa na mtu.

Naishi Itetemia. Jirani na kisima chetu kuna yadi ya kuvunjia betri chakavu za magari. Maji yakapimwa, yakakutwa na madini ya risasi. Mke wangu Zuhura ni mjamzito, na kliniki walimwambia madini hayo yanamdhuru mtoto tumboni. Usingizi ukanikimbia.

Akaja dada mmoja mtaalamu. Akatufundisha kukusanya taka za mboga sokoni, majani ya kabichi na maganda ya ndizi, tunaanika, tunachoma ndani ya pipa lililofunikwa hewa isipenye. Unatoka mkaa, wenyewe wanauita biochar. Ukipitisha maji humo, mkaa unaidaka risasi na kubaki nayo.

Yakapimwa tena, safi! Nilimkumbatia hadi mtu nisiyemjua.

Kamati ya maji ikafanya uzinduzi. Turubai, spika, fulana. Mgeni rasmi akayasifu maji yetu weee, huku akinywa ya chupa.

Sasa oneni kituko.

Mkaa ukishashiba unabadilishwa. Dada alisisitiza ule wa zamani arudishiwe yeye, usimwagwe ovyo. Lakini sisi toka utoto, jivu na chenga za mkaa zinakwenda bustanini. Mwenyekiti wa kamati akaona kuurudisha ni kutapanya mali ya umma. Akawagawia wenye bustani, eti mbolea!

Nilipopata habari nikamfuata. "Shikamoo mwenyekiti. Ile sumu si bado imo humo?"

"Marahaba. Kitu kimechomwa moto, sumu gani tena?"

"Mzee, ulichomwa kabla ya kudaka sumu."

"Basi itakuwa imepoa."

Nikarudi nyumbani nimechoka kabisa. Majirani walikuwa wanamletea Zuhura mchicha kila uchao, mjamzito aongeze damu. Nikamweleza. Hakulia. Aliniuliza tu kikao kijacho cha kamati ni lini.

Kikao kilichofuata akaingia na bakuli la mchicha wa karanga, umechumwa bustani ya mwenyekiti mwenyewe, yenye mkaa uleule. Akapiga goti, akaliweka mbele yake.

"Shikamoo baba. Karibu."

Mwenyekiti akalitazama. "Leo nimefunga, mwanangu." Mkononi ana andazi la kikao, limeshang'atwa.

"Wewe unaweza kufunga," Zuhura akasema. "Huyu wangu anakula ninachokula."

Hakuna aliyecheka. Akina mama walitoka palepale kwenda kung'oa mchicha.

Nilichojifunza, sumu ukiitoa kwenye maji hujaimaliza, na anayekugawia muulize kama na yeye anakula. Yadi ya betri bado inapiga kazi. Kamati inasubiri posho ndipo iijadili.

Zuhura anakaribia kujifungua. Nikiwaza alishakula mara ngapi kabla sijajua, naogopa wakuu.

Mwenye uelewa aniambie kipimo cha damu cha risasi tunakipata wapi huku kwetu. Wenye utani pia karibuni, ila anayejua aanze.