Bamba la Meli Gesima

Juzi nilitazama kwenye televisheni meli kuukuu ikikatwa ufukweni, mafuta yakitiririka baharini, nikamkumbuka mjomba wangu. Alikuwa akibomoa meli za ziwa zilizochakaa huko Kisumu, na alasiri moja alituletea kijijini kwetu Gesima bamba la chuma liwe daraja la kijito chetu. Lilinuka kutu na grisi. Mama akataka tuliburute majini tulisugue.

“Hapana, dada,” mjomba alisema. “Haligusi maji mpaka nilikwangue.”

Mimi niliamini anaogopa kwamba likionja maji litakumbuka ziwa na kwenda zake. Nikakalia ncha yake kwa uzito wangu wote, naye akakwangua rangi juu ya gunia, krr, krr, kisha akaenda kuyazika maganda yake mbali, juu mlimani. Leo najua rangi ile ilikuwa na sumu, na kijito kile ndicho tulichokunywa maji yake.

Jioni bamba likalazwa. Nyanya, ambaye hakuwa amevuka tangu mafuriko yasombe gogo la zamani, alikanyaga polepole, akafika ng'ambo, akageuka.

“Mbona mmesimama?” akatuita. “Njooni!”