Kiuno cha Baba Krismasi

Dada yangu alikuwa fundi cherehani, na mdomo wake ulinyooka kuliko rula yake. Ukimpelekea kitambaa kibovu alikuambia ni kibovu. Ukanuna, ukaondoka, kesho ukarudi. Sasa yuko mbele za Mungu, nami naandika ili watoto wetu wajue alikuwa mtu wa namna gani.

Mwaka ule kanisa lilimpa kazi ya kushona vazi jekundu la Baba Krismasi. Wa kulivaa alikuwa mumewe, shemeji yangu, fundi bomba, ambaye kwa utani na watoto hana mpinzani. Walikubaliana binti yao asijue. Tuseme shemeji alikubali, dada akanyamaza. Walichosahau ni kwamba mtoto huyo ndiye aliyekuwa msaidizi wa mama yake. Alimpa chaki, alimshikia utepe wa kupimia, na vipimo vya nyumba nzima alikuwa amevikariri.

"Mama," akauliza, "mbona Baba Krismasi ana kiuno cha baba?"

Shemeji alikuwa mlangoni anakunywa chai, akapaliwa. Alipopata pumzi akasema wenye vitambi wote ni ndugu. Dada hakucheka. Aliondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza.

Shemeji alimsihi kwa macho. Baadaye aliniambia kwamba aliona mwanawe ananyang'anywa utoto. Kwake yeye, ukweli una umri wake, na mtoto wa miaka mitano hajaufikia. Lakini dada alikuwa anaumwa, na daktari hakumficha. Alijua liko neno zito zaidi atakalolazimika kumwambia mtoto yule, naye alitaka siku hiyo aaminiwe.

"Ni baba yako, mwanangu. Ni mchezo tu, sisi wakubwa tunaupenda. Ila Yesu kuzaliwa si mchezo. Utacheza na sisi?"

Mtoto akafikiri, kisha akauliza kama zawadi ziko palepale. Akaambiwa ziko. Basi, akakubali.

Siku ya Krismasi alimwamkia mgeni mwekundu kwa adabu zote, akamwomba amfikishie mkewe salamu, maana anashona vizuri. Shemeji alicheka mpaka ndevu za pamba zikamshuka kifuani, na dada, pale kwenye benchi, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Dada alituacha kabla ya mvua. Msibani, shangazi wa mtoto alimpakata akamwambia mama amesafiri, atarudi na viatu vipya. Mtoto akamtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mdogo asiyejua.

"Shangazi, mama amekufa. Aliniambia mwenyewe. Na alisema tutaonana tena kwa Mungu."

Shangazi akanigeukia nimwokoe. Mimi nilikuwa nimesali tangu asubuhi, na hakuna neno lililonikaa moyoni. Nikapiga magoti mbele ya mtoto nikamwomba alirudie lile la mwisho.